Pori si ghala la chakula: elimu kwa wanaojiandaa kuwinda siku mambo yakiharibika

Tangu kampeni yetu ya nyamapori salama ianze, maswali yanayoingia ofisini yamebadilika. Awali wananchi waliuliza kuhusu vibali na misimu ya uwindaji. Sasa wengi wanauliza watakula nini siku umeme ukizimika usirudi, maduka yakifungwa, malori ya chakula yakikoma na serikali isionekane. Baadhi yao wameshanunua visu, kamba na nyaya. Hatuoni sababu ya kuwacheka. UVIKO-19 ulionyesha jinsi rafu za madukani zinavyoweza kubaki tupu ndani ya siku chache, na mtu anayefikiria mapema namna ya kulisha watoto wake anafanya jambo jema.

Sitaeleza jinsi ya kunyata, kusoma upepo wala kufuata nyayo. Anayefikiria kuwinda bila shaka anayajua hayo, au ana wa kumfundisha. Nitaeleza yale yanayotufikia sisi mezani: nyama yenyewe, magonjwa yake na sheria yake.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Nyama ya porini ina mafuta kidogo sana. Gramu 100 za nyama mbichi ya sungura wa mwituni hutoa takriban kalori 115. Mtu mzima anayechota maji, kukata kuni na kutembea kutwa anahitaji kalori 2,300 au zaidi, yaani kilo 2 za nyama tupu kwa siku. Sungura mkubwa wa kilo 4, akishachunwa na kutolewa matumbo na mifupa, anabaki na karibu nusu ya uzito huo. Familia ya watu 5 basi inahitaji sungura 5 kila siku, pasipo kukosa hata siku moja.

Na hata wakipatikana, familia hiyo itaugua. Mwili hauwezi kupata zaidi ya takriban theluthi moja ya nishati yake kutoka kwenye protini kwa muda mrefu bila kudhurika. Hali hiyo inajulikana kama njaa ya sungura: mtu anakula hadi tumbo linajaa, lakini njaa haiondoki, kichwa kinamuuma, anaharisha na nguvu zinamwishia. Kinachomponya ni mafuta au vyakula vya wanga, si nyama zaidi. Kwa hiyo ukimpata mnyama, usitupe mafuta yaliyozunguka figo wala uboho wa mifupa mirefu ukakimbilia mnofu. Na kama una nafasi ya kuweka akiba leo, gunia la maharage na dumu la mafuta ya kula vitakufaa kuliko upinde.

Wapo wanaonijibu kwamba babu zetu waliishi kwa kuwinda. Waliishi, ndiyo, lakini si kwa nyama peke yake. Miaka ya 1980 watafiti walifuatana na wawindaji wa Kihadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, watu walioshika upinde tangu utotoni na wanaoijua nchi yao kila kichaka. Kwa wastani, katika siku 100 za kuwinda, mwindaji mmoja alirudi bila mnyama mkubwa siku 97. Kilichowalisha siku hizo ni mizizi na matunda, vinavyochimbwa na kuchumwa zaidi na wanawake, pamoja na asali na wanyama wadogo. Huyo ni mwindaji bingwa. Wewe na mimi tuliolelewa na duka la jirani tutapata siku ngapi kati ya 100?

Kuna hesabu nyingine inayouma zaidi. Ukipima uzito wa mamalia wote walioko duniani leo, wanyamapori wa nchi kavu na baharini ni takriban asilimia 4 tu. Waliobaki ni binadamu na mifugo. Hatuhitaji kubuni yatakayotokea jamii nzima ikiingia porini kwa pamoja, kwa sababu yameshatokea. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, mishahara ilikatika na ulinzi ukaporomoka. Swala saiga wa nyika za Asia ya Kati, waliokaribia milioni moja, waliwindwa kwa ajili ya nyama na pembe, na ndani ya miaka kama kumi zaidi ya asilimia 90 yao wakawa wametoweka. Huko Gorongosa, Msumbiji, vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliwamaliza wanyama wakubwa kwa kiwango kama hicho. 

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni mzoga.

Kila mara nikizungumza na wananchi, huwapo anayesema kwamba mnyama aliyekutwa amekufa, kama bado ana joto, ni riziki. Si riziki. Mnyama wa porini hafi hovyo. Ukimkuta amelala bila jeraha, maana yake kuna kitu kimemuua, na kitu hicho bado kimo ndani yake. Kimeta ndicho cha kwanza kukifikiria. Mzoga wake huvimba haraka, haukakamai kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa. Ukiona hivyo, usiuguse, usiuburute wala usiupasue. Vimelea vya kimeta vikikutana na hewa hugeuka mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi. Mwaka 2016 katika rasi ya Yamal, Urusi, ardhi iliyokuwa imeganda iliyeyuka kwa joto, na kulungu wa Aktiki zaidi ya 2,000 wakafa kwa kimeta. Mtoto mmoja naye alifariki. Kuchemsha nyama ya namna hiyo hakukuokoi, kwa kuwa aliyeichuna ameshaambukizwa kabla sufuria haijainjikwa.

Nisisitize hilo la mchunaji, maana halieleweki. Watu wanaogopa kula. Wanaopata maradhi kwanza ni wenye kisu mkononi. Mwaka 1996 katika kijiji cha Mayibout, Gabon, sokwe aliokotwa msituni akiwa amekufa, akapelekwa kijijini, akachunwa na kugawanywa. Waliomshika na kumkata ndio walioanza kuugua Ebola. Mlipuko huo uliua watu 21. Nyani, sokwe na popo wasiguswe kabisa, wawe hai au wamekufa. Msimamo wetu kuhusu hilo hauna masharti.

Mnyama uliyemuua mwenyewe akiwa mzima naye akaguliwe. Kabla ya kumpiga, mtazame anavyotembea: mnyama asiyekimbia watu, anayetokwa na mate, anayezunguka mahali pamoja au aliyedhoofu ilhali wenzake wamenona, mwache aende. Sungura anayeshikika kirahisi mchana kweupe ni mgonjwa, hakuletwa na bahati. Baada ya kumwangusha, vaa glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka ukikosa glavu. Kama una mchubuko kidoleni, mwachie mwenzako kazi hiyo.

Pasua tumbo kwa ncha ya kisu ikielekea juu, usitoboe utumbo, kibofu wala nyongo. Kisha toa viungo kimoja kimoja na uvipange mahali safi penye mwanga. Ini liwe na rangi moja, laini na lenye kingo kali. Madoa meupe madogo kwenye ini na wengu la sungura yanaweza kuwa tularemia, ugonjwa unaopenya hata kwenye mkwaruzo mdogo wa ngozi. Mapafu yenye vinundu vigumu vinavyokwaruza kisu yanaashiria kifua kikuu. Wengu lililovimba na kulainika, jeusi kama lami, ni dalili ya kimeta: weka kisu chini hapo hapo, ondoka, jioshe. Tezi za shingoni na za kifuani zilizovimba au zenye usaha zinatosha kuikataa nyama yote, si kipande kile tu. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa atupe mnyama mzima. Mwambie hivyo hivyo.

Kama umetumia bunduki, ondoa nyama kwa upana kuzunguka njia ya risasi. Risasi ya madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana, navyo hudhuru ubongo wa watoto na mimba. Mitego ya nyaya hatuipendekezi hata siku ya mwisho ya dunia. Inakamata mnyama yeyote, na anayekufa humo hujui amelala saa ngapi juani. Anayefikiria kutumia dawa za kuulia wadudu kama sumu ya kuwindia anapika sumu ile ile na kuwapakulia wanawe.

Kuhusu mapishi, ndimu haiui minyoo. Pilipili haiui. Pombe unayokunywa pamoja na nyama haiui. Moshi huikausha nyama na kuipa harufu nzuri, lakini minyoo ya trikinela iliyojificha ndani ya msuli wa nguruwe mwitu au dubu hubaki hai, na aina ile ya nchi za baridi hustahimili hata kugandishwa. Kinachoua ni joto la nyuzi 71 za Selsiasi lililofika katikati ya kipande. Usipokuwa na kipimajoto, kata vipande vyenye unene usiozidi sentimita 3 na uvichemshe hadi nyama iachane na mfupa. Ukitaka kukausha, pika kwanza, ndipo ukate vipande vyembamba, utie chumvi na uanike. Nyama ambayo hukaushi isikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kati ya nyuzi 4 na 60. Kwa jamii ya kulungu wa maeneo yenye ugonjwa wa kudhoofika, acha ubongo na uti wa mgongo, kwani prioni, yaani protini mbovu zinazoleta ugonjwa huo, haziharibiwi na moto wa jikoni.

Wanaoogopa vita vya nyuklia wanadhani porini ndiko kutakuwa salama. Ni kinyume chake. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, mashamba ya Ulaya Magharibi yalisafika mapema, lakini nguruwe mwitu wa Bavaria, Ujerumani, wameendelea kukutwa na sesiamu, madini yenye mionzi, inayozidi kiwango kinachoruhusiwa cha bekereli (kipimo cha mionzi) 600 kwa kilo miongo kadhaa baadaye, kwa sababu wanachimbua uyoga wa ardhini ulioihifadhi. Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Iko kwenye mnofu na huyeyuka majini, hivyo kuchemsha vipande vidogo kwenye maji ya chumvi na kumwaga supu kunaipunguza. Strontiamu-90, madini mengine yenye mionzi, hukaa mifupani. Katika eneo lenye mionzi, ule uboho niliousifu hapo juu na supu ya mifupa viacheni.

Limebaki suala la sheria, na hapa naomba usomaji wa makini, kwa kuwa ndipo wananchi wema wanapojikuta mahakamani. Imani kwamba sheria hulala serikali ikiyumba si sahihi. Tangazo la hali ya hatari halifuti sheria za wanyamapori isipokuwa tangazo lenyewe liseme hivyo, na makosa yaliyotendwa wakati wa machafuko hushtakiwa baada ya utulivu kurudi. Katika nchi nyingi mnyamapori ni mali ya umma. Kosa la kuua bila kibali ni moja, kukutwa na nyama au nyara (viungo kama pembe, ngozi na meno) ni la pili, kutumia zana iliyokatazwa ni la tatu, kuuza ni la nne, na kila moja linaweza kubeba adhabu yake, kuanzia faini na kutaifishwa silaha na chombo cha usafiri hadi kifungo. Ukivuka mpaka na nyara za spishi zilizoorodheshwa kwenye Mkataba wa CITES, wa kimataifa kuhusu biashara ya spishi zilizo hatarini, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, unaongeza kosa jingine, hata kama wewe ni mkimbizi.

Utetezi wa dharura upo, lakini ni mwembamba. Kwa kawaida mahakama hutaka kuona kwamba hatari ilikuwa ya papo hapo, hapakuwa na njia nyingine, ulichochukua hakikuzidi mahitaji, na hatari hiyo hukuisababisha mwenyewe. Anayeua swala mmoja akala na wanawe ana la kusema. Anayeua watano akauza wanne hana.

Kinachomsaidia mtu ni taarifa. Iandike mapema iwezekanavyo: tarehe na saa, mahali, aina na jinsia ya mnyama, namna alivyouawa, sababu, idadi ya watu waliokula, na viungo vilivyobaki. Pembe, ngozi, meno na kucha vikabidhiwe ofisi ya wanyamapori au kituo cha polisi, nawe upewe stakabadhi. Pasipokuwa na ofisi iliyo wazi, karatasi yoyote inafaa. Mashahidi wawili watie sahihi, uitunze pamoja na nyara hizo hadi ofisi ifunguliwe. Usizike nyara, usizichome moto, wala usimpe jirani akutunzie, kwa kuwa naye ataingia kwenye kesi.