Wazo Kuu Si Mada, Wala Si Kichwa cha Habari

Mwanafunzi anasoma habari ya aya moja, anaulizwa wazo kuu ni lipi, anaandika "Elimu". Anapata vema. Mwenzake anaandika "Umuhimu wa elimu", naye anapata vema, tena na pongezi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja wazo. Wote wametaja mada, na tumelizoea kosa hili hadi limekuwa jibu sahihi.

Wazo kuu ni lile jambo moja analolisema mwandishi juu ya mada yake, ambalo sentensi nyingine zote zipo ili kulieleza, kulithibitisha au kulitolea mfano. Fasili yenyewe haina ugumu. Ugumu uko katika kulitenga neno hili na majirani zake.

Mada ndiyo jirani mvurugaji. Tumeitoa katika Kiarabu, ambako ni malighafi, kile kitu ambacho kingine hutengenezwa kwacho. Kutoka hapo ikapata pia maana ya somo la shuleni na kifungu cha sheria. Ishike hiyo maana ya malighafi. Mada ni kitambaa ambacho fundi bado hajakigusa. Kitambaa hichohicho mmoja atakitoa kanzu, mwingine gauni, mwingine mapazia. Ukimuuliza mtu fundi ameshona nini, akakujibu "kitambaa", hajakudanganya, ila hajakujibu.

Wazo ni neno la Kibantu, na limezaliwa na kitenzi waza. Litazame pamoja na ndugu zake: zaa hutupa zao, tenda hutupa tendo, onya hutupa onyo, waza hutupa wazo. Hiyo -o ya mwisho, katika ngeli ya LI-YA, hutaja kilichopatikana baada ya kitendo kufanyika. Zao haliwi zao kabla mmea haujazaa. Vivyo hivyo wazo haliwi wazo mpaka mtu awe amewaza na kufika mahali, akashika kauli. Halafu kuna kuu, ileile ya barabara kuu. Barabara huitwa kuu kwa kuwa zipo ndogo zinazoingia humo, na wazo huitwa kuu kwa kuwa yapo mawazo madogo yanayolibeba. Anayeitoa habari nzima kwa neno moja ameyaacha yote mawili: hana wazo, na hana kilicho kikuu wala kidogo.

Kutokana na asili hiyo tunapata kipimo kisichochukua hata nusu dakika. Wazo unaweza kulikubali au kulikanusha. Mtu akikwambia "elimu", huna namna ya kumjibu "si kweli". Akikwambia "Madarasa ya watu wazima hukosa wanafunzi yanapopangwa saa za shamba", hapo unaweza kubisha au kuafiki, maana kuna kilichosemwa. Kwa lugha ya sarufi, wazo kuu lazima liwe sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu.

Hapa "umuhimu wa" ndipo unapopotosha wengi, wakiwamo walimu wazuri. Umuhimu wa, faida za, athari za, changamoto za: virai hivi vinafanana na wazo kwa sababu vinaonyesha upande ambao habari imeelekea. Lakini vinaishia mlangoni. Faida zipi? Kwa nani? Zinatokana na nini? "Athari za ukataji miti" ni mada iliyopunguzwa upana, na bado ni mada. Mtego wa pili ni wa Kiswahili chenyewe: "Kutunza mazingira" inaonekana kama ina kitenzi, kumbe ni kitenzi-jina. Haina nafsi, haina wakati, haijasema lolote juu ya huko kutunza.

Chanzo kimoja cha mazoea haya ni swali la kichwa cha habari. Katika mitihani ya ufahamu mtahiniwa huagizwa mara nyingi aandike kichwa kisichozidi maneno matano. Ndani ya maneno matano mada hutosha, na kichwa kina haki ya kuwa mada, kwa kuwa kazi yake ni kuiita habari kwa jina. Mwanafunzi aliyezoea swali hilo akikutana na swali la wazo kuu, anajibu kwa mkono uleule. Anastahili kuelezwa kwamba ni maswali mawili.

Tuchukue habari fupi:

"Dagaa wanaoanikwa mchangani huokota mchanga na unyevu wa chini. Mvua ikija ghafla, huloa wote kabla hawajazolewa. Wanaoanikwa kwenye chanja hupitishiwa upepo juu na chini, hukauka upesi, na mvua ikitishia hufunikwa turubai papo hapo. Ndiyo maana gunia la dagaa wa chanja huuzwa bei ya juu kuliko la wa mchangani, ingawa wote wamevuliwa ziwa moja na usiku mmoja."

Neno linalojirudia ni dagaa, na wengi watajibu "Dagaa". Neno linalojirudia hukupa mada, na huo ndio mwanzo tu wa kazi. "Uanikaji wa dagaa" imesogea karibu, ila bado haijasema kitu. "Mvua huloanisha dagaa" ni sentensi kamili na ni kweli, lakini inashughulikia sehemu tu ya habari. Habari ya bei inabaki nje, haina pa kukaa. "Wavuvi wasaidiwe kununua chanja" ni ushauri mzuri, ila mwandishi hakuutoa. Ameutoa msomaji.

Wengine watanakili sentensi ya mwisho yote kama ilivyo, kwa kuwa walifundishwa kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni au mwishoni. Hukaa huko mara nyingi, ni kweli. Lakini iangalie hiyo sentensi. Inaanza na "ndiyo maana", yaani inanyoosha kidole nyuma, kwenye sababu. Ukiikata peke yake, kidole kinabaki hewani. Na mwisho wake una "ingawa", neno ambalo Kiswahili hulitumia kushusha jambo ili jingine lipande. Ziwa moja na usiku mmoja vimetajwa ili tusidhani bei imetokana na samaki wenyewe. Havimo katika wazo kuu. Kinachobaki ni kuunganisha bei na sababu yake: Dagaa wanaoanikwa kwenye chanja hupata bei nzuri kuliko wa mchangani kwa sababu hukauka upesi wakiwa safi.

Hayo ni maneno kumi na sita, na habari fupi haihitaji zaidi ya ishirini. Sasa irudie habari sentensi kwa sentensi, kila moja uiulize inalisaidiaje wazo hili. Ya kwanza inaeleza kwa nini wa mchangani si safi. Ya pili inaongeza hasara ya mvua. Ya tatu inatoa sababu ya ubora wa chanja. Ya nne inatoa matokeo. Ingebaki sentensi isiyo na kazi, wazo lako lingekuwa jembamba mno. Na kama wazo lako lingeweza kubandikwa kwenye habari nyingine kumi zisizo na chanja wala dagaa, kwa mfano "Ubora huleta faida", basi ni pana mno.

Dhamira nayo haikwepeki, maana hutajwa kana kwamba ni jina jingine la wazo kuu. Imetoka katika neno la Kiarabu la kilichofichika moyoni, na dhamiri ni ndugu yake wa karibu. Dhamira ni nia ya mwandishi, na hutafutwa katika kazi ya fasihi, riwaya au tamthiliya. Habari ya dagaa haina la kuficha. Methali inayofaa habari, ambayo nayo huulizwa sana, ni kitu cha tatu: hekima ya jumla inayolingana na kisa.

Kwa hiyo mwanafunzi akikujibu "Dagaa", usimkate kwa mkasi mwekundu. Ameshika kitambaa sahihi. Muulize tu, "Dagaa wamefanyaje?", umwachie nafasi amalizie sentensi yake.