Je, wajua kwa nini kuhara kulimaliza majeshi yaliyozingira ngome?

Mnamo Novemba 25, 1215, Mfalme John wa Uingereza alituma amri ya haraka: aletewe, usiku na mchana, nguruwe 40 walionona kabisa, wa aina isiyofaa sana kuliwa. Hakuwa na haja ya kitoweo. Wachimbaji wake walikuwa wameshafukua msingi wa pembe moja ya mnara wa ngome ya Rochester, wakiushikiza kwa nguzo za mbao ili usiwaporomokee wakiwa humo humo. Mafuta ya nguruwe yalitakiwa kuchochea moto. Nguzo zikaungua, pembe nzima ikaanguka. Mnara ule bado upo, na hadi leo pembe zake tatu ni za mraba na ya nne ni ya mviringo, maana ilijengwa upya baadaye.

Ajabu ni kwamba hata baada ya hapo waasi waliokuwa wameishika ngome dhidi ya mfalme hawakutoka. Walirudi nyuma ya ukuta unaougawa mnara katikati, wakaendelea kupigana. Kilichowatoa, siku chache baadaye, ni njaa. Walikuwa wameshawala hata farasi wao wa vita. Aliyejifungia ndani ya ngome kwa kawaida alimalizwa na njaa au maradhi. Mombasa yaliwakuta hayo hayo Wareno wa Fort Jesus, walipozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698.

Lakini aliyekaa nje, mwenye chakula na njia ya kurudi kwao, yeye alikufa kwa nini?

Jeshi linalotembea huacha uchafu wake nyuma. Linalozingira ngome hukaa palepale wiki baada ya wiki, maelfu ya watu pamoja na farasi wao, likichota maji karibu na linapojisaidia. Bakteria wa Shigella, mmojawapo wa wanaoleta kuhara damu, hana haja ya kuingia mwilini kwa wingi: mia moja tu, au hata pungufu, wanatosha kumlaza mtu mzima. Nzi akitua kwenye kinyesi kisha kwenye mkate, kazi imekwisha. Zama zile hakuna aliyejua habari za bakteria. Lawama zilitupiwa hewa yenye uvundo na matunda mabichi.

Mfano mzuri ni Harfleur, mji wa bandari huko Ufaransa, uliozingirwa na Henry V, mfalme wa Uingereza, mwezi Agosti 1415. Wenyeji walifunga mkondo wa mto, maji yakatapakaa bondeni upande mmoja wa mji. Nia yao ilikuwa kumzuia adui, lakini joto la kiangazi na tope vikafanya kambi ya Waingereza iwe mbaya zaidi. Kuhara damu hakukuchagua cheo: Askofu Richard Courtenay, rafiki wa mfalme, alifariki, na Michael de la Pole, mkuu wa Suffolk, akamfuata siku chache baadaye. Mji ulisalimu amri Septemba 22, na zaidi ya wanajeshi elfu moja wakarudishwa kwao wagonjwa. Waliobaki ndio walioshinda vita vya Agincourt mwezi uliofuata, wengine, inasemekana, wakiwa bado wanaendesha.

Wapo wanaodai kwamba ugonjwa uligeuzwa silaha. Mwaka 1346 tauni ililikumba jeshi la Jani Beg, mtawala wa Kimongolia aliyeuzingira mji wa Caffa huko Crimea. Gabriele de' Mussi wa Piacenza aliandika kwamba maiti zilipakiwa kwenye mitambo ya kurushia mawe na kutupwa ndani ya mji. Hakuwapo, alisimulia ya kusikia. Hata kama ni kweli, mimi sidhani mitambo ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu panya na viroboto wao wangeweza kupenya ukuta bila kurushwa na mtu.

Henry V hakujifunza kitu Harfleur, na angejifunzaje? Kuanzia Oktoba 1421 aliuzingira mji wa Meaux kwa miezi saba, msimu wote wa baridi, akaugua. Alifariki Agosti 31, 1422, akiwa na miaka 35, na wanahistoria wengi wanaamini ni kuhara damu. Kwa mkataba wa Troyes wa 1420 yeye ndiye aliyekuwa mrithi wa taji la Ufaransa. Mfalme wa Ufaransa, Charles VI, alikufa Oktoba 21 mwaka huohuo, na taji likadaiwa kwa niaba ya mtoto wa Henry, ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka mmoja.