Je, wajua kwa nini daraja la kwanza kubwa la chuma limeungwa kama kitanda cha kamba?

Ukifika Ironbridge, mji mdogo wa Shropshire huko Uingereza, usiishie kupiga picha juu ya daraja. Teremka hadi ukingo wa mto Severn, simama chini ya tao, uinue macho uangalie viungo. Ulimi wa pande moja umepenya tundu la pande jingine, kisha kabari ikagongwa kukaza. Ndivyo mfumbati unavyoingia kwenye tendegu la kitanda. Tofauti ni kwamba hapa kila kitu ni chuma, tani 378 kwa jumla.

Kwa nini chuma kikaungwa kiseremala? Kwanza, mwaka 1779 daraja hilo liliposimamishwa, hakuna aliyekuwa amewahi kujenga tao la chuma la ukubwa huo, takriban mita 30 kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi anapokosa mfano hushika anachokijua. Mchoraji wa daraja hilo, Thomas Farnolls Pritchard, alianzia kwenye useremala kabla ya kuwa msanifu majengo.

Pili, chuma chenyewe. Chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ni kigumu lakini hakina unyumbufu. Ukikigonga vibaya kinapasuka, na kuchomelea kwa umeme au gesi kulikuwa bado hakujavumbuliwa. Lakini kalibu inakupa umbo lolote utakalo, kwa hiyo ulimi na tundu vilitoka vimeshaumbwa. Chuma cha aina hiyo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, na tao kazi yake ni kubana tu. Ndiyo maana daraja likapinda vile, si urembo.

Chuma nacho kilikuwa jirani. Karibu na hapo, Coalbrookdale, Abraham Darby alikuwa amefanikiwa mwaka 1709 kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, badala ya mkaa wa miti. Mjukuu wake, Abraham Darby wa tatu, ndiye aliyejenga daraja.

Ila kwa kutojua kiasi kinachotosha, walijaza chuma kupita kiasi. Mwaka 1796 mhandisi Thomas Telford alijenga daraja jingine Buildwas, juu kidogo ya mto huohuo. Lilikuwa refu zaidi, ila lilitumia tani 173 tu, chini ya nusu!

Gharama zilimwelemea Darby, akabaki na madeni maisha yake yote. Labda ndiyo sababu ya ukali wa kibao cha ushuru kilichopo kwenye nyumba ya mtoza ushuru, pembeni mwa daraja: askari awe kazini au la, atalipa, na familia ya kifalme pia italipa. Siku hizi magari hayapiti, tangu 1934, na wewe mtembea kwa miguu unavuka bure.