Joto la Zuhura halitokani na ukaribu wake na Jua

Juzi tena, baada ya watu kuitazama Zuhura kwa darubini, mzazi mmoja alimweleza mwanawe kwamba ile ina joto kali kwa sababu iko jirani na Jua. Jibu hilo nimelisikia kwa walimu na kwenye redio, na kila mara wasikilizaji huridhika, wasiulize zaidi. Si kweli, na nimechoka kulinyamazia.

Utaridi iko wastani wa kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua, Zuhura milioni 108. Mchana wa Utaridi hufika nyuzi 430 hivi za Selsiasi na usiku wake hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Ardhi ya Zuhura ina nyuzi 465 hivi, usiku na mchana karibu sawasawa, ingawa usiku wenyewe huchukua karibu miezi miwili yetu. Wa mbali kamshinda wa karibu.

Kuna zito zaidi. Mawingu ya Zuhura ni matone ya asidi ya salfuriki, nayo hurudisha angani kama robo tatu ya mwanga unaoyapiga; ndiyo maana sayari hiyo inang'aa vile magharibi jioni. Ukipiga hesabu ya kinachobaki, kila mita ya mraba ya Zuhura humeza nishati ya Jua kidogo kuliko mita ya mraba ya Dunia yetu. Kidogo! Kwa kipimo hicho, Zuhura ingepaswa kuwa na baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri.

Hapo hudakia waliosoma kidogo: "Ni hewa ukaa, asilimia 96!" Hao ndio hunikera zaidi, maana wameshaukaribia ukweli wakaishia njiani. Mirihi nayo ina hewa ukaa asilimia 95, na wastani wake ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Asilimia haipashi kitu moto. Kinachohesabika ni wingi wa hewa yenyewe: mgandamizo wa Mirihi haufiki hata asilimia moja ya wetu, wakati ule wa Zuhura ni kama mara 92, sawa na kuzama baharini mita 900 na ushee. Katika hewa nzito kiasi hicho, miale ya joto inayotoka ardhini haipenyi. Humezwa, hutolewa, humezwa tena, mpaka nishati ifike juu ya mawingu, kilomita 65 hivi, ambako hewa imekuwa nyepesi vya kutosha kuiachia iende zake. Huko juu ndiko iliko ile baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kutoka hapo kila kilomita unayoshuka huongeza nyuzi 7 au 8. Zidisha mwenyewe.

Na usiniandikie kwamba basi kumbe ni mgandamizo tu. Pampu ya baiskeli hupata moto ukiwa unapiga upepo, lakini tairi lililojazwa jana leo asubuhi ni la baridi, na upepo umo vilevile. Mgandamizo bila kitu cha kuzuia joto lisitoke hauwezi kuiweka sayari katika moto kwa mabilioni ya miaka.

Swali la kuuliza ni hili: hewa ukaa ya kwetu imekwenda wapi? Ipo. Ingia mapango ya Amboni, Tanga, uguse ukuta: ni jiwe la chokaa, na hewa ukaa imefungwa humo. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani kitu kilekile. Mawe hayo yakichomwa kwenye tanuri la chokaa, hewa hiyo hutoka. Kwa makadirio, miamba ya namna hii duniani kote imefunga hewa ukaa inayokaribiana na ile iliyoko angani kwa Zuhura. Iliyoifunga ni maji: mvua huinyonya hewani na kula miamba, mito hupeleka baharini, na viumbe wa baharini hujengea magamba. Maji ya Zuhura yalipotea, kazi hiyo ikakosa wa kuifanya.

Je, ilipata kuwa na bahari? Hapa sisi wa fani hii tunagawanyika. Vipimo vya chombo cha Marekani, Pioneer Venus, mwaka 1978 vilionyesha uwiano wa hidrojeni nzito unaozidi wa duniani kwa zaidi ya mara 100. Mwanga wa Jua huvunja mvuke wa maji, hidrojeni nyepesi ikatoroka angani na nzito ikabaki, kwa hiyo maji yalikuwepo. Lakini yaliwahi kutulia yakawa bahari, au yalibaki mvuke tangu mwanzo mpaka yakapotea? Kuna mahesabu mazuri yanayotoa bahari iliyodumu muda mrefu, na mengine mazuri vilevile yanayosema mvuke haukuwahi kupoa. Tofauti yake ni jinsi kila hesabu inavyoyapanga mawingu. Mimi naegemea upande wa mvuke, ila ushahidi nilionao haunipi haki ya kumbishia mwenzangu kwa nguvu.

Chombo cha mwisho kutua pale ni Vega 2, mwaka 1985. Ili tujue mengi zaidi, lazima kingine kishuke ndani ya hewa ile, kikipima zenoni na kriptoni, gesi zisizoungana kirahisi na chochote na ambazo kwa hiyo huhifadhi habari za hewa ya mwanzo.