Shule ya kati ya zamani: yanayosemwa na yaliyomo kwenye rejista

Tabora na Kigoma kuna shule za msingi ambazo wazee bado wanaziita "shule ya kati". Jina limebaki, maana yake imesahaulika, na jubilei inapokaribia kamati huandika historia kwa kusikia. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi, na yanavyopaswa kusahihishwa.

"Shule ya kati ilikuwa sekondari ya siku hizo"

Haikuwa. Katika miaka ya 1950 elimu ya Tanganyika ilikwenda kwa miaka minne minne: shule ya msingi darasa la kwanza hadi la nne, shule ya kati la tano hadi la nane, sekondari la tisa hadi la kumi na mbili. Kwa hiyo mzee anayesema alifika darasa la kumi anazungumzia kinachoitwa leo kidato cha pili. Wala kuishia la nane hakukuwa kufeli. Kwa cheti hicho mtu aliweza kuingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili na kutoka mwalimu, au kuajiriwa karani ama polisi. Anayewaandika wahitimu hao kama watu "walioishia msingi" anawavunjia heshima, na anakosea.

"Majengo haya ni ya Mjerumani"

Tofali la kuchoma si ushahidi. Wajerumani waliondolewa Kigoma na Tabora mwaka 1916 na majeshi ya Wabelgiji, na Kigoma ikabaki chini ya Wabelgiji hadi 1921. Shule za kati ni mpango wa Mwingereza uliokuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Jengo linaweza kweli kuwa la Mjerumani na shule isiwe yake: boma au nyumba ya misheni iligeuzwa darasa baadaye. Andikeni umri wa jengo mbali na umri wa shule.

"Shamba la shule lilianza na Elimu ya Kujitegemea"

Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya kuunganisha masomo na kazi, ilitangazwa Machi 1967. Lakini shule za kati za vijijini zilikuwa na mashamba, mifugo na kazi za mikono katika miaka ya 1950, kwa sababu mtaala wenyewe uliegemea kilimo. Wazazi wengi hawakuupenda. Walimpeleka mtoto shule aondoke kwenye jembe, wakaona anarudishwa kwenye jembe lile lile. Kama shule yenu ina shamba la ekari kadhaa nyuma ya mabweni, msiliandikie 1967 kabla ya kuangalia.

"Kanisa liliiuza shule kwa serikali"

Hakuna kilichouzwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozipeleka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, na nyingi zikabadilishwa majina. Suala la ardhi ni jingine kabisa; linajibiwa na hati ya kiwanja.

"Mwalimu Nyerere alifundisha Tabora Boys"

Pale alisoma, 1937 hadi 1942. Alifundisha St. Mary's, shule ya misheni ya Kikatoliki hapo hapo Tabora, kuanzia 1946 hadi 1949.

"Shule ilianza mwaka ulioandikwa ukutani"

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Shule nyingi za kati za zamani zina asili mbili. Kulikuwa na shule ndogo ya darasa la kwanza hadi la nne, na jirani yake, pengine uwanja ule ule, shule ya kati iliyopokea wanafunzi kutoka shule ndogo kadhaa za vijiji vya mbali. Katika miaka ya 1960 darasa la nane lilifutwa, msingi ikawa miaka saba, na shule hizo mbili zikaunganishwa. Mwaka wa ukutani unaweza kuwa wa shule ndogo, wa shule ya kati, au wa kuunganishwa.

Rejista ya uandikishaji ndiyo itakayoamua. Tafuteni mwanafunzi namba 1. Kama wa kwanza kuandikwa wameingia "Std V" (yaani darasa la tano), hiyo ni rejista ya shule ya kati. Kama wameingia "Std I", ni ya shule ndogo. Kisha someni safu ya shule aliyotoka mwanafunzi: humo ndimo mtaviona vijiji vyote ambavyo shule hii ni yao pia, hata kama leo vina shule zao. Namba zikianza upya katikati, muungano huenda ulifanyika hapo. Tazameni pia herufi kwenye mihuri: N.A. ni mamlaka ya wenyeji chini ya mkoloni, L.E.A. ni mamlaka ya elimu ya wilaya baada ya uhuru, R.C. ni Wakatoliki.

Tahadhari moja. Rejista iliyonakiliwa upya baada ya mchwa kula ya kwanza hubeba makosa ya aliyenakili. Dalili yake: mwandiko mmoja na wino mmoja kwa miaka kumi mfululizo. Hapo linganisheni na vyeti vya wazee wenyewe, faili za wilaya zilizopo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, au shajara ya parokia, kwani vituo vya White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, viliandika shajara, mara nyingi kwa Kifaransa.

Kurasa zilizochanika msizibandike kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Pigeni picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, kisha funikeni daftari kwa karatasi safi na kuliweka kwenye sanduku la bati juu ya meza, mbali na ukuta. Na mafundi wakija kupaka rangi, waandikiwe miaka miwili: wa shule ndogo, na wa shule ya kati chini yake.