Fizi Zinazotoa Damu, Kisukari na Moyo: Utafiti Umefika Wapi?

Kuna maneno ambayo daktari wa meno huyasikia karibu kila siku: "Upande huu siupigi mswaki, maana nikiugusa tu unatoa damu." Mgonjwa ameona damu, akahofia kujiumiza, akauacha upande huo upumzike. Haupumziki. Utando wa bakteria uliobaki kwenye meno unakutana na madini ya mate na kugeuka ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki, fizi zinavimba zaidi, na safari ijayo damu inatoka hata kwa kutafuna mhindi wa kuchoma. Wengine hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya vitamini C, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba fizi kutoa damu ni kiseyeye. Kiseyeye kipo kweli, lakini kwa mtu anayekula machungwa, maembe na mboga za majani, si hicho kinachomtoa damu. Ni utando.

Hilo lilionyeshwa waziwazi mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Wa kwanza kuvimba fizi walivimba baada ya siku 10 hivi, na wiki ya tatu ilipokwisha hakuna aliyekuwa amesalimika. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zao zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Hawakupewa antibiotiki wala vitamini. Hatua hii ya kwanza ya ugonjwa, ambayo madaktari huiita jinjivitisi, hutibika na haiachi kovu.

Hatua ya pili ndiyo yenye kesi. Uvimbe ukishuka chini ya fizi, nyuzi zinazolishika jino na mfupa unaolibeba huanza kuliwa, na mfupa huo haurudi kama ulivyokuwa. Hapo ugonjwa unaitwa periodontitisi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi wa namna hii.

Lakini si kila anayetoa damu hufika huko, na hapa ndipo habari ya fizi inapoanza kuugusa mwili mzima. Kuanzia mwaka 1970 Löe huyohuyo aliwafuatilia kwa miaka 15 vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakuwa na daktari wa meno. Wote walikuwa na utando, ugaga na fizi nyekundu. Hata hivyo asilimia 8 hivi waliharibikiwa haraka na kupoteza meno wangali vijana, asilimia 81 waliharibikiwa polepole, na asilimia 11 ugonjwa haukuvuka hatua ya kwanza. Jirani zetu wa Machakos, Kenya, walitoa picha inayofanana: watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walipochunguzwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 1988, ugaga ulikuwa karibu kila kinywa, ila uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache.

Kwa hiyo uchafu peke yake hauelezi kila kitu. Bakteria huanzisha ugomvi, lakini mfupa unaliwa kutokana na namna kinga ya mwili inavyoujibu. Chochote kinachoivuruga kinga hiyo hubadilisha mwendo wa ugonjwa, na wavurugaji wakubwa wawili wanajulikana: kisukari na tumbaku. Ndiyo maana katika utaratibu wa kuainisha ugonjwa huu uliokubaliwa na mabingwa wa Marekani na Ulaya, na kutangazwa mwaka 2018, daktari hapimi fizi tu. Anauliza sukari yako na idadi ya sigara. Mwenye kisukari ambaye HbA1c yake, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu, ni asilimia 7 au zaidi, au anayevuta sigara 10 na kuendelea kwa siku, huwekwa moja kwa moja kwenye daraja la ugonjwa unaokwenda kasi.

Wavutaji nao wana mtego wao. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji hazitoi damu sana hata mfupa ukiwa unakwisha. Kutokuona damu kwenye mswaki si ushahidi kwamba uko salama. Wengi hushtuka meno ya mbele yalipokwisha kuachana na kuanza kucheza.

Sasa tugeuze swali. Je, fizi mbovu nazo zinauharibu mwili? Daktari akipima, huingiza taratibu kati ya jino na fizi kifaa chembamba chenye alama za milimita. Kwenye fizi nzima kifaa huzama milimita 1 hadi 3. Kikizama 5, 6 au 7, pana kifuko, na ukuta wa kifuko hicho ni kidonda kisichoonekana kwenye kioo. Watafiti waliojaribu kukadiria vidonda hivyo vikijumlishwa kinywa kizima walipata eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mguuni, mtu asingekaa nacho miaka kumi. Bakteria huingia kwenye damu kupitia hapo mtu akitafuna au akipiga mswaki, na kemikali za uvimbe husambaa mwilini mchana na usiku.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye kisukari. Wenyeji asilia waitwao Wapima, wa Gila River, jimbo la Arizona, Marekani, ni miongoni mwa watu wenye kisukari cha aina ya pili kwa wingi mno duniani, na wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1960. Humo ndimo ilipoonekana kwamba mwenye kisukari huharibikiwa fizi kuliko asiye nacho, na kisha kwamba mwenye kisukari aliye na fizi mbovu sana huja kushindwa kudhibiti sukari yake kuliko mwenzake. Taarifa ya mwaka 2005 iliyohusu watu 628 wa jamii hiyo, wote wenye kisukari, ilionyesha kuwa vifo vya moyo na figo vilikuwa zaidi ya mara 3 kwa wenye ugonjwa mkali wa fizi.

Lakini kuona mambo mawili yakitembea pamoja si kuthibitisha kwamba moja linalisukuma lingine. Huenda mtu asiyejali meno hajali na dawa zake. Njia ya kutenganisha ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, kundi moja litibiwe fizi na lingine lisubiri, kisha sukari ipimwe. Kipimo kinachotumika ni HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 au 3 iliyopita, si ile ya kidoleni asubuhi moja.

Mwaka 2013 matokeo ya jaribio kubwa la Marekani yaliwakata wengi maini. Wagonjwa 514, nusu wakatibiwa fizi, na baada ya miezi 6 HbA1c haikushuka katika kundi lolote. Jaribio likasitishwa kabla ya kumalizika. Baadhi ya vyombo vya habari vikatangaza kwamba habari ya fizi na kisukari imekwisha. Wataalamu wa fizi waliposoma taarifa kwa makini walikuta jambo jingine: baada ya "matibabu" yale, meno mengi ya wagonjwa yalikuwa bado na utando, na fizi bado zilitoa damu. Kwa maoni yangu pingamizi hilo lina uzito. Huwezi kuhukumu kama kuzima moto kunasaidia ilhali moto bado unawaka.

London wakaja kivingine. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 264 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa. Kundi moja lilisafishwa chini ya fizi kwa kina, waliohitaji upasuaji wakafanyiwa, na kila miezi 3 wakarudi kuangaliwa. Kundi la pili lilisafishwa juu juu tu. Baada ya miezi 12, HbA1c ya kundi la kwanza ilikuwa chini kwa pointi 0.6. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulijumlisha majaribio 35 yenye washiriki 3,249 na kupata kushuka kwa pointi 0.43 kwenye miezi 3 hadi 4, 0.30 kwenye miezi 6, na 0.50 kwenye miezi 12. Yaani aliyekuwa na asilimia 8.5 anatarajiwa kusogea kati ya 8.0 na 8.2. Hiyo haimfanyi mtu aache metformini, dawa yake ya kisukari. Ila ni faida halisi, na ajabu ni kwamba kliniki nyingi za kisukari humwangalia mgonjwa macho na nyayo, kinywa kikapitwa.

Kwenye moyo, sauti yangu inashuka. Tangu madaktari wa Finland waandike mwaka 1989 kwamba waliopata shambulio la moyo walikuwa na vinywa vibovu kuliko wenzao, tafiti za kulinganisha zimeandikwa nyingi mno, na nyingi zinakubaliana. Tatizo ni sigara. Inaharibu fizi, inaharibu mishipa ya moyo, na kuiondoa kwenye hesabu si kazi rahisi. Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi wote mwaka 2012 kilikiri kwamba uhusiano upo hata sigara ikihesabiwa, lakini hakuna kilichothibitisha kuwa kutibu fizi kunazuia shambulio la moyo au kiharusi. Jaribio la mwaka 2007 lenye wagonjwa 120 lilipima namna mishipa ya damu inavyotanuka baada ya matibabu ya kina. Saa 24 baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa usafishaji wenyewe huamsha uvimbe kwa muda. Miezi 6 baadaye ilikuwa nzuri kuliko ya wasiotibiwa hivyo. Ni dalili njema, lakini mshipa kutanuka si sawa na kunusurika kifo. Anayekutangazia kwamba kusafisha meno kutakukinga na mshtuko wa moyo anauza kisichokuwepo dukani.

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal, Kanada, akalaumu sumu ya vinywa kwa magonjwa chungu nzima. Kwa miaka mingi iliyofuata watu wakang'olewa meno kutibu baridi yabisi, vidonda vya tumbo, hata wazimu. Huko Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa meno wagonjwa wa akili akiamini anawaponya. Hawakupona. Wakabaki vibogoyo.

Kwa wajawazito, mambo yamekwenda kombo na kisha yakachangamka upya. Mwaka 1996 utafiti wa Marekani wa akina mama 124 ulihusisha ugonjwa wa fizi na kujifungua watoto njiti. Ila kwenye jaribio la mwaka 2006 lenye wanawake 823, waliotibiwa fizi kabla ya wiki ya 21 walijifungua kabla ya wakati kwa asilimia 12.0, na wasiotibiwa asilimia 12.8, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Jaribio hilo lilitupa kitu kingine cha thamani: kutibu fizi wakati wa ujauzito hakuleti madhara kwa mama wala mtoto. Mama asiambiwe asubiri mpaka ajifungue.

Kisha ikaja Malawi. Watafiti waliwagawia wajawazito bazoka yenye zailitoli, sukari ambayo bakteria wa meno hawaifaidi, wakatafuna kila siku. Walihusishwa wanawake zaidi ya 10,000 katika vituo 8 vya afya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2022: njiti asilimia 12.6 kwa waliopewa bazoka, 16.5 kwa wasiopewa. Yanavutia, hasa kwa nchi ambazo daktari wa meno yuko mbali na ambulensi iko mbali zaidi. Lakini kura zilipigwa kwa vituo, si kwa mtu mmoja mmoja, na vituo 8 ni vichache. Ningependa kuona jaribio hilo likirudiwa mahali pengine kabla hatujaanza kugawa bazoka kliniki.

Mgonjwa anayekuja kutibiwa hufanyiwa nini? Ugaga hukwanguliwa juu na chini ya fizi, mara nyingi kwa ganzi na kwa miadi kadhaa, kisha baada ya wiki 6 hadi 12 vifuko hupimwa tena. Usishangae meno yakionekana marefu na kusisimka yakiguswa na kitu cha baridi kwa majuma machache. Watu husema, "Kusafishwa ndiko kumenilegeza meno." Kilichotokea ni kwamba uvimbe umenywea, na ugaga uliokuwa umejaza mapengo umeondoka. Nyumbani ni mswaki laini mara 2 kwa siku, dawa yenye floraidi, na kusafisha katikati ya meno. Mswaki wa mti nao unafaa ukipitishwa pole pole ufizini na kufika meno ya nyuma, mahali ambapo wengi hawaufikishi.

Mwenye kisukari asije na tumbo tupu. Ale, ameze dawa zake kama kawaida, achukue miadi ya asubuhi, na abebe kadi yake ya kliniki yenye HbA1c ya karibuni.