Tukinge maji ya mvua? Maswali ya wazazi wa Arumeru

Tunaishi Maji ya Chai na bomba lipo. Kukinga mvua kuna faida gani?

Faida kubwa ni kukwepa floridi, aina ya madini yanayoyeyuka kwenye maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huiachia kwenye chemchemi na visima vingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayowapa watoto wetu meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa.

Si tunachemsha?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haitoki, maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa nayo nyingi zaidi kwa kila lita. Klorini pia haiiondoi. Na magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi mara nyingi huongeza nyingine.

Paa letu ni dogo. Litatosha?

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likipata milimita 25, ni lita 1,000. Hata robo ikimwagika, zinabaki 750. Kazi ni pa kuyaweka. Watu watano wakitumia ndoo ya lita 20 kwa siku, kunywa na kupika tu, Juni hadi Oktoba wanahitaji kama lita 3,000. Kufua na kuoga, bomba linatosha.

Simtanki la ukubwa huo ni ghali, najua. Asiyeweza aanze na pipa lenye mfuniko, na maji hayo yawe ya watoto walio chini ya miaka 8 kwanza: uji wao, chai yao, ya kunywa. Huo ndio umri meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya taya. Yakishaota na madoa, maji mazuri hayayafuti.

Yanafaa kunywewa hivyo hivyo?

Hapana, chemsha. Bati lina vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo mvua za kwanza baada ya kiangazi ziache zilioshe kabla ya kuunganisha gata na tanki. Ziba matundu kwa wavu, mbu wa dengi wasizaliane humo. Paa la asbesto au lenye rangi ya risasi, usikinge ya kunywa.

Na sisi wa Moshi?

Pimeni kwanza. Floridi hutofautiana chemchemi kwa chemchemi, hata ndani ya kijiji kimoja. Maabara ya maji ikikuta chini ya 1.5 na bomba lenu halikauki, fedha ya tanki ifanyieni kazi nyingine.